ELIMU YA FEDHA: Pima Hatari Kabla ya Kujiunga na Mfuko wa Hatifungani za Serikali

Wakazi wengi na viongozi wa vyama husikia kwamba hatifungani za serikali hazina hasara. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika.

Ukinunua hatifungani mwenyewe kupitia Benki Kuu ya Kenya, unaikopesha serikali. Unalipwa riba kila miezi sita, na muda ukiisha unarudishiwa mtaji. Ukisubiri hadi mwisho, kupanda na kushuka kwa bei sokoni hakukugusi.

Mfuko wa uwekezaji ni tofauti. Hukusanya pesa za watu wengi na kununua hatifungani nyingi za miaka mbalimbali. Baadhi hufuata fahirisi, yaani orodha iliyopangwa ya hatifungani, na msimamizi hununua zilizomo bila kuchagua mwenyewe. Mfuko wa aina hii hauna siku ya kukomaa. Unapotoka, unalipwa kwa thamani ya siku hiyo.

Hasara hutoka wapi?

Chukua hatifungani ya Sh100,000 inayolipa asilimia 12 kwa mwaka. Riba sokoni ikipanda hadi asilimia 14, hakuna atakayeinunua ya zamani kwa bei kamili. Ikiwa imebakiza miaka 2, bei yake itashuka hadi takriban Sh96,600. Ikiwa imebakiza miaka 10, itashuka hadi takriban Sh89,400. Serikali haijakosa kulipa hata shilingi moja, lakini anayelazimika kuuza siku hiyo amepoteza. Riba ikishuka, bei hupanda.

Uliza maswali haya:

1. Je, mfuko umesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Kama sivyo, usitoe pesa.

2. Hatifungani zilizomo zimebakiza wastani wa miaka mingapi? Kadiri miaka inavyozidi, ndivyo thamani inavyoyumba.

3. Ada ni kiasi gani? Mfuko ukipata asilimia 12 na kutoza asilimia 2 ya mtaji wako, sehemu moja kati ya sita ya faida imekwenda.

4. Pesa zote ziko kwa serikali, au nyingine zimekopeshwa kampuni na benki?

5. Ukitaka kutoka, utalipwa baada ya siku ngapi?

Msimamizi akishindwa kukujibu kwa lugha unayoielewa, subiri. Usiweke pesa katika jambo usiloweza kumweleza mwenzako.

Linganisha na mahitaji yako

Karo ya Januari au pesa za chama za kununua shamba mwaka huu hazifai kuwekwa katika mfuko wa hatifungani za miaka mingi. Bili za Hazina za siku 91, 182 au 364 hulingana zaidi na mahitaji ya karibuni. Pesa ambazo hutazihitaji kwa miaka kadhaa zinaweza kustahimili mayumbo hayo.

Tahadhari: atakayekuahidi faida ya uhakika kila mwezi kutoka mfuko wa aina hii hakuelezi ukweli.