SOMO LA AFYA: BAWASIRI SI UGONJWA WA KUFICHWA

Mwanachama anayetokwa na damu wakati wa haja kubwa mara nyingi hunyamaza kwa kuona haya. Mwingine hujiambia kuwa ni bawasiri tu, akanunua dawa dukani. Wote wawili hujichelewesha kupimwa. Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama somo hili, wake kwa waume.

Bawasiri ni nini?
Kila mtu ana vinyama laini vyenye mishipa ya damu katika njia ya haja kubwa, navyo husaidia kuifunga. Vikivimba na kushuka, huitwa bawasiri. Kisababishi kikubwa ni choo kigumu na kujikamua. Ujauzito, uzee na kukaa chooni muda mrefu huchangia.

Dalili zake
Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi, bali hutoa damu nyekundu. Ina daraja nne:
1. Haitoki nje.
2. Hutoka mtu akijikamua, ikarudi yenyewe.
3. Hutoka, ikarudishwa kwa kidole.
4. Hairudi kabisa.
Bawasiri ya nje ni uvimbe pembeni mwa njia. Damu ikiganda ndani yake, huuma ghafla na vikali.

Kupimwa
Damu peke yake haithibitishi bawasiri. Kichocho cha tumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Viktoria, huitoa. Kuhara damu huitoa. Saratani ya utumbo mpana nayo huitoa. Kwa hiyo mganga hupima kwa kidole chenye glovu, hutazama ndani kwa kifaa maalum, na huagiza choo kipimwe. Asikawie hata kidogo mwenye choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, aliyebadilika desturi yake ya choo, au anayeishiwa damu. Aliyefikisha miaka 45 asidhanie tu.

Matibabu
Bawasiri nyingi za daraja la 1 na la 2 hutulia kwa chakula: dona badala ya sembe, maharage, mchicha, mapapai na maji ya kutosha. Mwili wahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Haja isizuiwe. Kukalia maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, hupunguza maumivu. Ikishindikana, daktari huifunga bawasiri ya ndani kwa mpira mdogo, nayo hunyauka na kuanguka. Daraja la 4 kwa kawaida huhitaji upasuaji.
Dawa za kuunguza za mitaani ziepukwe: huweza kuacha vidonda na kuibana njia ya haja.

Maswali ya majadiliano
1. Kwa nini damu peke yake haitoshi kutambua bawasiri?
2. Ni dalili zipi zisizongoja?
3. Chama kifanye nini ili mwanachama asione haya kwenda zahanati?