Somo la Sarafu za Makaisari Walioshindana

Wakatekumeni hulijua vema jambo la dinari iliyoletwa mbele ya Bwana Yesu, naye akataka aambiwe sura iliyo juu yake ni ya nani. Jibu lilikuwa rahisi, kwa kuwa Kaisari wa siku zile alikuwa mmoja. Je, wangalijibu nini katika mwaka wenye Makaisari wanne?

Mwaka huo ulikuwapo, nao ni mwaka 69. Nero alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Ndipo Galba, Otho, Vitellius na Vespasianus wakagombea kiti kimoja, kila mtu na askari wake. Otho alitawala miezi mitatu tu, toka Januari hata Aprili, kisha akajiua. Walakini dinari zenye uso wake zipo hata leo. Mtu wa miezi mitatu alipataje nafasi ya kufua fedha? Sababu ni hii: askari asiyelipwa humgeukia bwana mwingine. Tena siku zile hapakuwa na gazeti wala redio. Sarafu ndiyo iliyotangaza vijijini kwamba anayetawala sasa ni fulani.

Katika karne ya tatu mashindano yalizidi, na mishahara ya askari pia. Fedha ikapungua ndani ya sarafu, shaba ikaongezeka, hata kufika mwaka 268 sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa karibu shaba tupu iliyopakwa weupe. Watu wengi walifukia vyungu vyao vya sarafu ardhini wasirudi kuvichukua. Kwa hiyo sarafu nyingi za wakati ule huuzwa Ulaya kwa bei ndogo, na mtu asiye tajiri aweza kuzikusanya.

Mkusanyaji mwema husoma sarafu kwa uangalifu. Mwaka 286 Carausius alijifanya Kaisari katika Uingereza. Alifua sarafu yenye uso wake pamoja na nyuso za Diocletianus na Maximianus, akawaita ndugu zake. Ndugu hao hawakumkubali kamwe, walimpiga vita! Sarafu hushuhudia neno ambalo mwenyewe alitaka liaminiwe.

Tena yuko Domitianus wa karne hiyo ya tatu. Sarafu yake moja ilionekana Ufaransa mwaka 1900, na wataalamu wengi wakasema ni ya uongo. Mwaka 2003, huko Chalgrove katika Uingereza, chungu chenye sarafu karibu 5,000 kilifukuliwa, na ndani yake ilikuwamo ya pili. Kama aliyekiona angaliziuza mojamoja sokoni, Domitianus angalihesabiwa mtu wa kubuniwa hata leo.

Kwa watu wa Lubumbashi, wa komini ya Kenya na nyinginezo, mambo hayo si ya mbali. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mwanzoni mwa 1961 serikali zilikuwa nne: ya Leopoldville, ya Stanleyville, ya Kasai Kusini na ya Katanga. Moïse Tshombe alikuwa ameitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake tarehe 11 Julai 1960. Yeye naye hakukawia kutengeneza fedha. Noti zake za kwanza zilikuwa na uso wake. Sarafu za mwaka 1961, za faranga 1 na faranga 5, hazina uso wa mtu: upande mmoja ni ndizi, upande wa pili ni msalaba wa shaba. Utawala huo ulikoma Januari 1963, na fedha yake ikakoma.

Msalaba ule haukutoka kwa wamisionari. Wafua shaba wa nchi hii waliutengeneza karne nyingi kabla yao, nao ulitumika kama fedha. Umeonekana katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbwa na wataalamu tangu mwaka 1957. Mahali msalaba ulipolala karibu na maiti ndipo palipowafundisha ulikuwa na kazi gani. Anayefukua kaburi ili auze shaba huharibu ushuhuda huo, mbali na kumkosea marehemu.

Sarafu ya ndizi yaweza kuwa bado ndani ya kopo la mzee. Katika nyumba moja ni kumbukumbu ya mshahara wa babu. Katika nyumba ya pili ni uchungu, maana mwaka 1961 maelfu mengi ya Baluba wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kwa kuogopa kuuawa. Basi kijana anayekusanya asianze na bei. Na aulize kwa heshima: «Baba, hii uliipata wapi, na siku zile mliishije?» Mzee akinyamaza, asimshurutishe. Akisema, maneno yake yaandikwe siku ileile, pamoja na mahali na mwaka, karatasi ikae na sarafu. Wala sarafu isisuguliwe kwa mchanga au limau ing'ae. Maandishi yakifutika hayarudi.