MWENYE KUANZA KAZI PEKE YAKE ATAPATA WAPI MSAADA?

Somo la juma hili linawahusu wale walioanza biashara au kazi ya mikono bila mwenzi: mama mwenye meza ya unga sokoni, kijana mwenye pikipiki moja, fundi wa kushona ambaye yeye ndiye mkubwa wa kazi, ndiye karani, ndiye mlinzi. Hapa Sange watu hao ni wengi, na wengine hawakuchagua kuwa peke yao. Tunakumbuka jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka kwenye barabara ya taifa namba 5 na moto ukaua zaidi ya watu 230. Kesho yake zilikuwako nyumba ambamo mwenye kutafuta feza hayuko tena, na aliyebaki alipaswa kuuza kitu ili watoto wale.

Tuanze na mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mumewe amekufa, deni limebaki, na mwenye kudai anataka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumpa feza. Alimwuliza kwanza ana nini nyumbani, naye alikuwa na mafuta kidogo tu. Kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Wengi wetu tukisoma hapa tunakimbilia muujiza wa mafuta. Tunawaomba mkae kidogo kwenye vile vyombo. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha; basi kipimo cha msaada kilikuwa hesabu ya milango aliyoibishia hodi. Na majirani hawakutoa feza hata moja. Walitoa kitu kilichokuwa kimekaa bure nyumbani kwao. Angalia pia mwisho wake: auze mafuta, alipe deni, ndipo aishi na watoto kwa kile kitakachobaki. Deni lilitangulia chakula. Neno hili ni gumu, lakini ndivyo lilivyo.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa njia mbaya. Tulinunua mashini ya kusaga muhogo kwa feza ya mpunga wa misimu mitatu. Hatukumwambia mtu bei yake, hatukumwonyesha mtu namna ya kuiwasha, na mahesabu yote yalikuwa ndani ya kichwa chetu. Tuliogopa: tukisema, watakuja kukopa, tukionyesha, wataiga. Kisha malaria ikatulaza siku kumi na moja. Mashini ilinyamaza. Wateja walipeleka muhogo wao kwingine, na wengine hawajarudi mpaka leo. Mke wetu alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, hajui nani tunamdai wala nani anatudai. Fundi aliyekuja kubadilisha mkanda alitaja bei aliyopenda, kwa kuwa hakuna aliyejua bei ya kweli. Tulipolieleza jambo hilo katika kikao cha mashemasi, mzee mmoja alituuliza: “Shemasi, wewe ulikuwa unachunga mashini, ao mashini ilikuwa inakuchunga wewe?” Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana.

Kwa hiyo msaada wa kwanza si feza. Ni mtu wa kukuuliza. Katika Kutoka sura ya 18 Musa anaketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na anayeona kosa ni Yethro, mkwe wake, mgeni aliyekuja kusalimia. Yethro aliangalia kazi kwanza, kisha akauliza kwa nini anaketi peke yake, ndipo akatoa shauri. Mpendwa, tafuta mtu wa namna hiyo, hata kama hafanyi kazi yako. Kila Jumamosi fungueni buku zenu mbele ya mwenzako: kilichoingia, kilichotoka, kilichokopeshwa. Buku ya shule ya bei ndogo yatosha. Na ukiona haya kumwonyesha mtu buku yako, pengine haya hiyo inajua jambo.

Tuseme wazi neno lingine ambalo katika kanisa letu linasemwa kwa sauti ya chini. Mtu akianguka katika biashara, upesi anakuja kuombewa, naye amekwisha kumtaja jirani aliyemfunga. Tutamwombea, ndiyo. Lakini kabla ya kumtilia jirani mashaka, tuulize: uliandika? Ulikula mtaji kwenye sikukuu? Ulikopesha jamaa sita, ukaona aibu kuwadai? Tumeona majirani wawili wameacha kusalimiana kwa ajili ya hasara ambayo ingeonekana katika ukurasa mmoja wa mahesabu. Na jirani huyo huyo ndiye mwenye vyombo vitupu.

Wala mwenye kazi kama yako si adui kila siku. Huko Korinto Paulo alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu walikuwa mafundi wa mahema kama yeye (Matendo 18). Mama zetu wa unga wanalijua hilo. Mwenye gunia moja anayepanda Bukavu kwa njia ya Kamanyola na milima ya Ngomo, dereva humtoza anavyotaka. Wakiwa na gunia ishirini pamoja, wanasema naye kwa nguvu nyingine.

Sasa feza. Likelemba tunaijua wote: kila mmoja anatoa, mmoja anachukua zote kwa zamu. Inafaa kununua kitu, mashini ya kushona kwa mfano. Lakini shida haingoji zamu yako. Ndiyo maana tunapenda zaidi vikundi vya AVEC. Njia hiyo ilianzishwa na shirika la CARE mwaka 1991 pamoja na wanawake wa Maradi katika inchi ya Niger. Kwa kawaida wanachama ni kati ya 15 na 25. Kila mkutano mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mwenye kulitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako, na mwisho wa mwaka wanagawana. Katika MUSO, ambazo ziko nyingi hapa Kivu ya Kusini, kuna makasha matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, la buluu kwa feza inayotoka inje, na jekundu kwa ugonjwa na msiba. Mwenye kufanya kazi peke yake aangalie lile jekundu. Kinachoua biashara yake mara nyingi si kukosa mteja. Ni siku kumi na moja za malaria, dawa zikinunuliwa kwa feza ya mtaji.

Mtu akikuahidi kuzidisha feza yako kwa majuma machache, kumbuka Bindo ya Kinshasa iliyoanguka mwaka 1991 na feza za watu. Hata benki ina siku yake: mwezi wa Februari 2025, vita ilipofika Bukavu, mabenki yalifunga milango.

Kwa ndugu waume: sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Hatuandiki hivi ili kuleta ugomvi nyumbani. Lakini tumeona mama mwenye akili akikosa mkopo wa kikundi kwa kuwa bwana alikataa tu, bila kueleza sababu.

Ile mashini yetu ingali inasaga. Buku inaning’inia kwenye msumari karibu na mlango, mke wetu ndiye anaandika madeni, na mtoto wa dada yetu anajua kuiwasha. Msimu wa mvua uliopita malaria ilirudi, tukalala siku nne. Mashini ilisaga siku zote nne, ingawa gunia mbili hazikuandikwa na hata leo hatujui zilikuwa za nani.