Moshi, hofu na moyo wa mama
Mwaka 2002, Mai-Mai walipouzunguka mji wa Kindu, mama kwenda shamba ilikuwa hatari. Hofu ya siku nyingi yaweza kupandisha tansio (shinikizo la damu), na moshi wa kuni jikoni vilevile. Kwa mjamzito, tansio ikifika 140/90, aende kituo cha afya. Wengi hudhani mambo yamekwisha mtoto akizaliwa. Sivyo! Mama aliyepata kifafa cha mimba, au dalili zake, ana hatari karibu mara mbili ya ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye. Basi apimwe tansio kila mwaka, hata akijisikia mzima. Jiko lihamishiwe nje, chini ya kibanda. Akina baba, kukijenga ni kazi yenu.