Somo la Ufundi: Deraya ya Pete za Waya



Kila mwaka Ijumaa Kuu ikikaribia, vijana wa jumuiya zetu hapa Lucky Summer huja na swali lile lile: askari wa Kirumi watavaa nini kwenye mchezo wa Njia ya Msalaba? Tumewahi kuwavika mashuka mekundu na makatoni yaliyopakwa rangi ya fedha. Lakini mvua ya masika ikinyesha njiani katoni inalegea, na askari wa Pilato anafika Golgota akiwa amebaki na fulana ya mpira. Watu wanacheka mahali pa kulia.

Mwaka mmoja vijana sita waliamua kutengeneza deraya ya kweli ya chuma, kwa mikono yao, uani nyumbani. Walifaulu. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya kazi hiyo, na pia jambo moja tulilojifunza ambalo hatukulitafuta.

DERAYA NI NINI?

Deraya ni vazi la vita. Iko ya mabamba, iko ya magamba, na iko hii ya pete ndogo zilizoshikana kama wavu. Wataalamu wengi husema hii ya pete ilianza kwa Wakelti wa Ulaya, yapata karne ya 3 kabla ya Kristo. Warumi waliiga, na wakati wa Yesu ilikuwa vazi la kawaida la askari wao. Kwa hiyo katika mchezo wetu inafaa kabisa. Hata jirani zetu wa Sudan, wapanda farasi wao walivaa deraya za pete katika karne ya 19.

Msiseme hii ni kazi ya wazungu. Kabla ya ukoloni wahunzi wa Wakikuyu na Wakamba walikuwa wakivuta waya wa chuma na kutengeneza mikufu myembamba ya mapambo, pete moja baada ya nyingine. Ufundi ni ule ule: pinda waya, kata, unganisha, funga.

VIFAA

1. Waya wa mabati (uliopakwa zinki) wa geji 16, yaani unene wa milimita 1.6 hivi. Huuzwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi.
2. Chuma cha mviringo cha milimita 8, urefu wa sentimita 40. Kiwe laini. Kile chenye mistari ya kushikia saruji hakifai, waya utakwama.
3. Koleo mbili kwa kila mtu wa kufunga pete.
4. Koleo ya kukatia, iliyo imara.
5. Tupa, miwani ya kukinga macho, na makopo mawili ya kuwekea pete.

Jambo la waya tafadhali mlisikie vizuri. Nunueni dukani na mpewe risiti. Msipokee waya kutoka kwa mtu anayesema "nimeokota tu". Mnakumbuka Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na milingoti ya umeme. Marufuku iliondolewa mwaka huo huo, lakini biashara hiyo inahitaji leseni. Kijana akikamatwa na waya wa wizi, kumweleza polisi kwamba ulikuwa wa mchezo wa kanisa hakutamsaidia. Na tutamwigizaje Yesu kwa mali iliyoacha jirani gizani?

HESABU KABLA YA KAZI

Wengi huanza kwa moyo, wakachoka njiani. Kaeni chini mpige hesabu kwanza.

Deraya rahisi ni kama shuka refu lenye tundu la shingo katikati. Mpime kijana kifua akiwa amevaa fulana nzito. Kikiwa sentimita 95, ongeza 15 za nafasi, jumla 110. Nusu yake ni 55, na huo ndio upana wa shuka. Urefu kutoka bega hadi nyonga ukiwa 70, mbele na nyuma ni 140. Zidisha 55 kwa 140: sentimita za mraba 7,700.

Sasa fumeni kipande kidogo cha sentimita 10 kwa 10, mhesabu pete zake. Tuseme ni 90. Kipande hicho kinaingia mara 77 katika shuka lenu. 77 mara 90 ni pete 6,930. Tuseme 7,000.

Pete moja hula sentimita 3 za waya, hivyo pete 7,000 ni mita 210. Kilo moja ya waya huu hutoa pete kama 2,000. Nunueni kilo 4, ili mpate na za kuharibu.

Na wakati? Mwanafunzi akifunga pete 2 kwa dakika, ni 120 kwa saa. Pete 7,000 ni saa 58. Vijana sita wakifanya kazi saa mbili kila Jumamosi, ni saa 12 kwa wiki, maana yake Jumamosi tano. Ongeza mbili za kuzungusha na kukata waya, ziwe saba. Kwaresima ina Jumamosi sita tu kabla ya Ijumaa Kuu. Basi anzeni wiki mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, mbaki na moja ya akiba.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, kuzungusha. Chukua vipande viwili vya mbao, toboa kila kimoja tundu la kupitisha chuma, uvipigilie kwenye ubao. Pinda mwisho mmoja wa chuma uwe mkono wa kuzungushia. Shika ncha ya waya kwenye chuma, kijana mmoja azungushe, mwingine auvute waya uwe umekaza. Mizunguko iguse mmoja na mwingine. Sentimita 20 za mizunguko zitakupa pete kama 120. Ukimaliza usiachilie ghafla, kwa sababu waya hurudi nyuma kama springi na unaweza kukuchana.

Pili, kukata. Toa springi hiyo kwenye chuma, kata mzunguko mmoja mmoja kwa kufuata mstari ulionyooka. Vaeni miwani. Vipande vinaruka, na jicho halina spea.

Tatu, kugawa. Nusu ya pete zifungwe kabisa, ziwekwe kopo la kwanza. Nusu nyingine ziachwe wazi kidogo, kopo la pili. Kufungua au kufunga, usivute ncha kuzitenganisha kulia na kushoto, pete itapoteza umbo. Sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kisha uzirudishe mpaka zikutane. Pitisha kidole: ukihisi mkwaruzo, bado hujafunga.

Nne, kufuma. Kanuni ni moja: kila pete ipite ndani ya pete nne, ila zile za pembeni.
a) Chukua pete iliyo wazi, tia pete nne zilizofungwa, uifunge. Ilaze mezani: mbili juu, mbili chini, moja katikati.
b) Chukua pete nyingine ya wazi. Ipitishe katika pete mbili za mwisho, moja ya juu na moja ya chini, kisha uongeze humo pete mbili mpya zilizofungwa. Funga. Endelea hivyo mpaka upate mkanda wa safu tatu wenye upana wa shuka.
c) Tengeneza mikanda mingi. Laza miwili, mmoja juu ya mwingine kama mistari ya daftari. Pete ya wazi ipite katika pete mbili za mkanda wa juu na mbili za mkanda wa chini. Funga. Endelea mpaka mwisho wa mstari.

Angalia jinsi pete zinavyolala. Safu moja huinama upande mmoja, inayofuata upande wa pili. Ukiona safu mbili jirani zimeinama sawasawa, mkanda umegeuka. Ugeuze kabla ya kuunganisha, usijidanganye kwamba utarekebisha baadaye.

Tano, kushona. Safu zizunguke mwili kwa mlalo, kama mistari ya fulana ya mpira. Katikati ya urefu acha tundu la kichwa, na mpasuo mdogo mbele. Unganisha ubavu kwa ubavu, ukiacha nafasi ya mikono. Upana ukizidi mabega, unakuwa mkono mfupi wenyewe.

TAHADHARI

Msiuchome waya wa mabati motoni ili kuulainisha au kuupa rangi. Moshi wa zinki huleta homa na kifua kubana. Okoteni pete zote zilizoanguka, mtoto mchanga huziweka mdomoni. Deraya hii ina uzito wa zaidi ya kilo 3, basi mwigizaji avae nguo nzito ndani na mshipi kiunoni ili mzigo wote usikae mabegani. Sauli alipomvika Daudi mavazi yake ya vita, Daudi aliyavua (1 Samweli 17). Mkijaribu hii mtamwelewa.

Jumuiya isiyo na muda inaweza kufuma shati la uzi mnene au kamba ya katani na kulipaka rangi ya fedha. Ukiwa mbali unaona chuma.

SWALI LA KIJANA MMOJA

Jumamosi ya nne, kijana aliyekuwa kimya siku zote aliniuliza, "Mwalimu, hii ikiisha, kisu kinapita?" Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akifanya kibarua cha usiku na kurudi kwa miguu, na mwenzake alikuwa amechomwa kisu njiani mwezi uliotangulia.

Sikumjibu kwa maneno. Tulifunga kipande juu ya gunia la mchanga, nikachukua msumari mnene na nyundo. Pigo la kwanza, pete ikafunguka, msumari ukaingia. Deraya za kale ncha za pete nyingi zilifungwa kwa ribiti. Zetu zimekutanishwa tu. Hii ni nguo ya mchezo. Mtu asiivae akidhani ni kinga, wala muuza nyama asiitumie mahali pa glavu za chuma za kiwandani, ambazo pete zake zimechomelewa.

Uani palinyamaza. Halafu wakaanza kusema: wapi pana giza, nani anatembea peke yake, saa ngapi. Siku hiyo hatukufuma hata safu moja. Tuliamua mambo mawili. Mazoezi yahame kutoka jioni hadi saa nane mchana. Na wanaotoka kibarua usiku wangojane, watembee pamoja kwa barabara kubwa, hata kama ni mzunguko. Yule kijana alipata wenzake watatu wa njia moja. Walikuwa wanaishi karibu naye siku zote, hakuwajua.

JE, KUNA PESA?

Niseme ukweli. Shati zima halina soko, labda kulikodisha kwa parokia nyingine wakati wa Kwaresima. Lakini mkono uliozoea pete unaweza kutengeneza vishikio vya funguo, bangili na mikufu ya misalaba. Anzeni na kumi, muone kama zinauzika, kabla ya kununua waya mwingine. Na katika bei msisahau kuhesabu saa zenu. Nazo ni mali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Pete moja haizuii kitu. Katika jumuiya yetu, ni nani aliye pete iliyo peke yake?
2. Vijana wetu wanarudi nyumbani saa ngapi, na kwa njia gani? Tunajua?
3. Soma Waefeso 6:10-18. Mtume Paulo anataja silaha gani, na ni ipi tumeisahau?