Kiingereza cha Siku ya Usaili: Maneno ya Kujiandaa na Kujiamini

Msaili akikuambia “Take your time”, hakulaumu kwamba umechelewa. Anakuambia usiwe na haraka: fikiri kwanza, ndipo ujibu. Wapo watafuta kazi wenye vyeti vizuri kabisa ambao husikia maneno hayo wakashtuka, wakaanza kuomba radhi, na utulivu wote waliokuja nao ukayeyuka hapo hapo.

Kijitabu hiki tumewaandikia hao: kijana anayeomba kazi katika hoteli za Zanzibar au kampuni ya utalii Arusha, mama anayerudi kwenye ajira baada ya kulea, fundi anayesailiwa kwa simu ya video na mwajiri wa Dubai. Si kwamba hawajasoma. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967, halafu mtoto akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza. Kiingereza anachokipata huko ni cha kitabu cha Biolojia na Jiografia. Anaweza kueleza usanisinuru bila kukwama, na bado asijue kwamba aliyemwambia “Break a leg” (vunja mguu) anamtakia heri. Msemo huo ni wa waigizaji wa jukwaani, ambao huamini kuwa kumtakia mwenzako mema waziwazi ni kumletea nuksi.

Tumbo joto

Sisi husema tumbo joto. Mwingereza husema ana vipepeo tumboni: “I have butterflies in my stomach.” Hali ni ile ile, na chanzo chake ni cha kimwili. Mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, na sehemu ya damu iliyokuwa ikihudumia tumbo huelekezwa kwenye misuli. Kwa hiyo usiichukue kama dalili kwamba hukujiandaa. Hata mtu aliyejiandaa vizuri hali hiyo humpata. Ukiulizwa hali yako, unaweza kusema bila aibu: “I'm a little nervous, but I'm ready.”

Usichanganye hilo na “I got cold feet”. Huyu ni mtu aliyeingia ubaridi dakika za mwisho akaghairi. Ukimwambia msaili hivyo, ataelewa kwamba ulitaka kurudi nyumbani.

Upande wa pili wa hofu ni kujiamini. Neno “confident” ni mtu anayejiamini. “Confidential” ni jambo la siri. Na hapa pana mtego: “in confidence” maana yake ni kwa siri. Wakikuambia kuwa maelezo ya mdhamini wako yatapokelewa “in confidence”, wanakuhakikishia kwamba hayatatangazwa.

Mkazo wa sauti

Jambo hili ndilo tunalolitilia uzito kuliko yote, kwa sababu walimu wengi hawana muda wa kulifundisha. Katika Kiswahili mkazo karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ma-a-nda-LI-zi. Kiingereza hakina kanuni moja kama hiyo. “Confident” na “confidence” hukazwa mwanzoni, CON. Msemaji wa Kiswahili hupeleka sauti katikati, con-FI-dent, na msikilizaji mgeni huchelewa kulitambua neno. “Prepare” hukazwa mwishoni. “Interview” hukazwa mwanzoni, na “certificate” kwenye silabi ya pili, TI. Habari njema ni kwamba “preparation” na “rehearsal” hufuata mwendo wetu wenyewe, kwa hiyo hayo hayatakusumbua.

Lafudhi yako usiihangaikie. Haina kosa, na hakuna anayekudai uongee kama mtu wa London. Rekebisha mkazo tu. Mengine yaache yalivyo.

Maneno ya maandalizi

Msaili anaweza kuuliza: “Have you done your homework on us?” Haulizii kazi za shule. Anataka kujua kama umeichunguza taasisi yake: inafanya nini, wateja wake ni nani, ina matawi wapi. Tangazo la kazi likisema wanamtaka mtu anayeweza “hit the ground running”, wanatafuta atakayeanza kazi siku ya kwanza bila kushikwa mkono. Ukisema “I need to brush up on my Excel”, umesema ujuzi unao, ila unahitaji kuunoa upya. Hilo ni bora kuliko kudai unajua kila kitu. “Dry run” ni kufanya jambo lote kwa majaribio kabla ya siku yenyewe, na kinyume chake ni “wing it”, yaani kuingia bila maandalizi ukabahatisha. “Piece of cake” ni kile tunachoita kumsukuma mlevi, jambo jepesi mno. Kwa rafiki sema. Mbele ya wasaili utaonekana unajigamba.

Swali linalowaangusha wengi ni hili: “Are you prepared to work at night?” Wengine hujibu kwamba bado, ila watajiandaa. Hapo hawakuulizwa kuhusu maandalizi. Wameulizwa kama wako radhi kufanya kazi usiku. Jibu ni “Yes, I am”, au useme wazi kwamba huwezi.

Neno hilo hilo ndilo kaulimbiu ya maskauti, “Be Prepared”, yenye herufi za kwanza za jina la mwanzilishi wao, Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Kwao lina maana ya kuwa tayari. Likifuatwa na “to” na kitendo, chunguza kwanza kama unaulizwa utayari au ridhaa.

Namna ya kujifunza

Usikariri orodha. Chukua misemo mitano tu, kila mmoja ndani ya sentensi nzima inayokuhusu wewe, kisha itamke kwa sauti. Kusoma kimyakimya hakuuzoeshi ulimi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza husahaulika haraka mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachia siku katikati hushinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Basi robo saa kila jioni kwa wiki mbili itakufaa zaidi ya kukesha usiku wa mwisho. Jirekodi kwa simu, au mwombe ndugu akae kiti cha msaili.

Kati ya hiyo misemo mitano, mitatu iwe ya kukuokoa: “Could you repeat the question, please?”, “Let me think about that for a moment”, na “Do you mean…?” Misemo ya vipepeo na kuvunja mguu, tunakushauri uielewe ukiisikia, usiilazimishe mdomoni.

Mwishoni wasaili wengi huuliza: “Do you have any questions for us?” Usijibu “No”. Andaa swali moja mapema, ulifanyie mazoezi kama mengine. Mfano: “What would you like me to achieve in the first three months?”