Anayefika Mwisho Ndiye Anayeanza Kusimulia

Jumamosi moja ya Novemba, saa moja na robo asubuhi, tulikuwa watu saba tumekaa chini ya mvinje ufukweni Msimbati, chumvi imetukauka mashavuni, tunamsubiri wa nane. Maji yalikuwa yameshaanza kujaa. Mwenzetu huyo ni mama wa miaka 54, muuza samaki, na sote tunamwita Shangazi. Alianza kukimbia mwezi wa saba, baada ya kupimwa na kuambiwa presha imepanda. Siku hiyo zilikuwa kilomita zake 10 za kwanza. Sisi tuliotangulia tulikuwa tumeshamaliza tangu zaidi ya nusu saa nyuma, na wawili wetu walikuwa na haraka ya kurudi mjini, lakini hakuna aliyegusa mlango wa gari.

Akatokeza kwenye kona ya ufuo, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, akikimbia kidogo, akitembea kidogo. Tukainuka wote. Kijana mdogo kuliko sote akamkimbilia na dafu mkononi.

“Shikamoo Shangazi.”

“Marahaba baba. Ngojeni kwanza nikae, nina maneno mengi.”

Na kweli alikuwa nayo. Alipoishiwa pumzi alianza kuhesabu mitumbwi iliyolala mchangani: akifika kwenye mmoja anajiambia afike na ule mwingine, basi. Alikutana na wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza, wakamuuliza anakimbizwa na nani. Akawajibu kuwa anakimbizwa na presha. Mmoja akavua ndala, akazishika mkononi, akaenda naye mbio mpaka kwenye mti ulioanguka, kisha akamtakia heri na kurudi kwa wenzake. Shangazi alituambia kichomi kilimbana wapi, kikamwachia wapi. Sisi saba tulipita palepale, na hakuna aliyekuwa na la kusimulia kuhusu mitumbwi wala wachokoa pweza. Tulikuwa tunatazama saa.

Tangu asubuhi ile tuna sheria moja: anayefika mwisho ndiye anayeanza kusimulia. Nimeulizwa mara nyingi tunawezaje kukutana kila wikendi bila watu kupungua, na jibu langu huwa ni hiyo sheria. Mengine nitakayoeleza hapa, maji ya bahari, kasi, kunywa, ni ya kukufikisha salama mpaka chini ya huo mvinje.

Nina sababu ya kuiamini sheria hiyo. Mbio zangu za kwanza za kulipia kiingilio zilikuwa nusu marathoni, kilomita 21, mbali na hapa. Kwenye kilomita ya 16 niliikuta meza ya maji ina chupa tupu. Nilipofika mwisho vijana walikuwa wanakunja mabango na medali zilikuwa zimekwisha. Hayo niliyavumilia. Kilichonivunja moyo ni simu. Kila aliyepiga aliuliza swali lilelile: “Umekuwa wa ngapi?” Sikuvaa raba miezi mitatu. Aliyenirudisha barabarani ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliyeniuliza kitu tofauti kabisa: “Kilomita ipi ilikuwa ngumu?” Nikaanza kueleza, nikajikuta nimezungumza mpaka chai ikapoa, na kesho yake alfajiri nikatoka. Ukitaka kumtia moyo mkimbiaji, anza na swali hilo. Nafasi aliyoshika ataitaja mwenyewe akipenda.

Watanzania tuna mfano mkubwa kuliko wote wa kumheshimu anayefika mwisho. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshaingia, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, huku wengine wengi wakiwa wameacha njiani. Tunamsifu kwa kutokukata tamaa, na ni haki yake. Mimi huwafikiria pia watu waliokuwa bado wamekaa uwanjani usiku ule, waliomwona akiingia anachechemea, wakasimama na kumshangilia.

Sasa tuje kwenye mchanga wetu. Ukitoka Mtwara mjini unapita Mangamba, unaifuata barabara ya Madimba, ilipo mitambo ya kuchakata gesi inayosafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam, kisha unaendelea hadi Msimbati. Kutoka Mangamba ni kilomita 35 na ushei. Huku ni kona ya mashariki kabisa ya Tanzania, kwa hiyo jua linawahi. Mwezi wa Novemba saa kumi na moja na nusu alfajiri unaona vizuri unapokanyaga, na saa mbili jua limeshakuwa kali. Ndiyo maana tunaondoka mjini saa kumi usiku.

Kabla hujaondoka, uliza maji. Hili ndilo kosa la wageni wengi: wanapanga mbio za ufukweni kwa kalenda ya ukutani, wakati bahari inakwenda kwa mwezi mwandamo. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: Jumamosi hii alfajiri maji yamekupwa na ufuo ni mpana kama uwanja, Jumamosi ijayo saa ileile bahari imejaa na umebakiwa na kipande cha mchanga tifutifu chini ya miti. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana lakini hupwa kwenye saa nne na saa tano, jua likiwa limeshapanda. Kwa mkimbiaji wa alfajiri, siku nzuri ni zile zinazofuata maji mafu, tuseme kati ya siku ya tisa na ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, au ya 24 na 25. Usinitegemee mimi tu. Muulize mvuvi yeyote, atakujibu kabla hujamaliza swali. Sisi tunakwenda Msimbati Jumamosi moja, inayofuata tunakimbia barabarani.

Kimbia pale mchanga ulipo na unyevu na mguu hauzami. Ufuo una mteremko kuelekea baharini, na ukikimbia upande mmoja tu, mguu wa upande wa maji unakanyaga chini zaidi kuliko mwenzake. Nyonga na goti vitakudai kesho yake. Nenda na urudi kwa njia ileile ili miguu igawane shida. Pekupeku ni raha, lakini anza na kilomita moja au mbili, kwa sababu misuli ya nyuma ya mguu iliyozoea raba inakaza vibaya. Kumbuka pia kwamba Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa ada ya kuingia, chukua chupa zako zote unaporudi, na kukiwa bado giza usimulikemulike tochi ovyo, kwa maana kasa hupanda kwenye fukwe hizi kutaga. Salimia watu wa kijiji. Ufuo huo ni sehemu yao ya kazi kabla ya kuwa uwanja wetu wa mazoezi.

Kuhusu kasi, sina fundisho bora kuliko mchakamchaka. Kila aliyesoma shule zetu anaujua: alfajiri, mistari miwili, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Tuliudhani ni nidhamu tu, kumbe ulikuwa umebeba elimu yote ya mazoezi mepesi. Mwendo unaokuwezesha kuitikia wimbo ni mwendo ambao moyo unafanya kazi bila kuzidiwa. Ukishindwa kuitikia, umekwenda kasi mno. Basi kwenye mbio zetu ndefu tunaimba, na mara nyingi anayeimbisha ni Shangazi, jambo linalomlazimisha kila mwenye haraka kubaki karibu naye. Mbio za kasi tumeziwekea Jumatano jioni, fupi, kwa anayezitaka.

Hapa kwetu adui ni joto lenye unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ya pwani ikishajaa unyevu, hasa kaskazi inapoanza kuvuma, jasho linakutiririka tu bila kukauka. Kwa hiyo usilinganishe muda wako na wa binamu yako wa Arusha. Kunywa kadiri ya kiu, na baada ya mbio kula kitu chenye chumvi. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ya kawaida ni kidogo kuliko ile inayotoka na jasho. Sisi hushushia na mihogo ya kuchemsha iliyotiwa chumvi. Na usijilazimishe kunywa maji mengi kupita kiasi ukidhani unajilinda. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu baada ya Marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito. Mtu akianza kuchanganyikiwa au akaacha kutoka jasho, mbio zimekwisha. Mweke kivulini, mmwagie maji, mpeleke hospitali.

Jumamosi za barabarani tunakwenda Mikindani. Kutoka mjini ni kama kilomita 11, kwa hiyo ukienda na kurudi umetimiza nusu marathoni. Msimu wa korosho harufu ya mabibo inakufuata njia nzima. Tunageuzia karibu na Boma la mwaka 1895, katika mji huo ambao mmisionari Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Anayeanza mazoezi tunampandisha bodaboda mpaka Mikindani, kisha anakimbia kurudi tu, ili naye amalizie mahali pamoja na wenzake. Huu mpango mdogo umetubakizia watu wengi, maana mtu anayegeuza njiani peke yake hufika nyumbani peke yake, na wiki inayofuata haji.

Na nizungumze kuhusu baraza lenyewe, yaani kile kikao chetu cha kusimulia baada ya mbio, kwa sababu ndilo wengi wanalolisahau. Tukishakaa, simu zinawekwa kando. Wa mwisho anasimulia, anafuata aliyekuwa mbele yake, mpaka anafikiwa wa kwanza, ambaye kwa kawaida ana machache ya kusema. Msikilizaji haruhusiwi kukatiza kwa kutoa dawa. Mtu akisema goti liliuma, kwanza mwambie pole, umwache amalize. Ushauri unakuja baadaye, tena kwa kuombwa. Na sifa ziwe za kweli. Kumwambia mtu “umekimbia vizuri sana” wakati anajua alitembea nusu ya njia ni kumwonyesha kuwa hukumtazama. Mwambie ulichokiona: “Kwenye kile kilima cha Mikindani leo hukusimama. Wiki mbili zilizopita ulisimama mara mbili.” Maneno hayo mtu analala nayo. Kwa mwanamke anayeanza, hasa dada zetu wanaojistiri na wanaosita kutoka barabarani, tunahakikisha hakimbii peke yake wala hakai baraza la wanaume watupu. Mwezi wa Ramadhani baraza linahamia usiku baada ya tarawehe, na mbio zinakuwa fupi.

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Petros alikuwa mbele walipoingia mita za mwisho, Simbu akamfukuzia mpaka kwenye mstari. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyetaka kuzungumzia kitu kingine. Kijana wetu wa dafu akasimama, akachora mstari mchangani kwa kisigino, akasema leo kila mtu anamaliza kama Simbu. Tangu hapo mita 100 za mwisho tunakimbia wawili wawili kwa nguvu zote, na aliyekwisha kufika anarudi nyuma kumchukua ambaye bado. Ni zoezi zuri la mwendo, na wa mwisho hafiki peke yake.

Baadhi yetu sasa wanajiandaa kwa Korosho Marathon, hapahapa Mtwara. Shangazi amejiandikisha kilomita 10. Ameniomba nisimame karibu na kilomita ya nane, si kumshangilia, ila kumwonyesha kitu cha kuhesabu, maana barabarani hakuna mitumbwi. Nimemwahidi nguzo za umeme. Jumamosi hii maji yanapwa saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo tunakutana Mangamba saa kumi usiku. Njoo na chupa yako ya maji na mihogo kama unayo. Shangazi anakuja na majirani zake wawili ambao hawajawahi kukimbia, na ametuagiza tuchelewe kuondoka.